Lugha hazijakoma, kilichokoma ni tafsiri

Katika mikutano ya injili ya viwanjani, mtu ninayemtazama zaidi ni mkalimani. Mhubiri mgeni anasema sentensi moja kwa Kiingereza, na kijana aliyesimama kando yake anaidaka na kuitoa kwa Kiswahili kwa kasi ileile, hata mikono akiirusha kama mwenzake anavyoirusha. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona. Akiruka, naye anaruka. Hakuna mwandalizi anayethubutu kumpandisha mgeni jukwaani bila mkalimani, kwa sababu kila mtu anajua kwamba mama aliyefunga genge lake mapema na kupanda daladala mbili hakuja kusikiliza sauti. Alikuja kusikia neno.

Kisha yanafika maombi. Mhubiri anaanza kunena kwa lugha, uwanja mzima unaitikia, na yule kijana anashusha maiki. Kazi yake imekwisha. Kwa nusu saa inayofuata yatatoka maneno mengi kupitia spika zilezile, mbele ya watu walewale, na hakuna atakayeuliza yalikuwa na maana gani.

Wakristo wetu wanabishana sana kuhusu jambo moja: je, kunena kwa lugha bado kupo, au kuliishia na mitume? Nasema kupo. Sioni mahali Maandiko yalipoifuta karama hiyo, wala historia haishuhudii kwamba ilitoweka moja kwa moja. Kilichotoweka katika sehemu kubwa ya makanisa yetu ni tafsiri, na bila tafsiri karama hii inawaumiza watu walewale iliyotolewa iwajenge.

Wanaosema zilikoma

Wapo Wakristo makini wanaoamini kwamba lugha zilimaliza kazi yake zamani, na si watu wa kupuuzwa. Hoja yao kuu wanaichota katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, Paulo anapoandika kwamba lugha zitakuja kukoma. Wanasema ishara zilitolewa kuuthibitisha ujumbe wa mitume, na Agano Jipya lilipokamilika hazikuhitajika tena. Wana mashahidi wazito. Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, alikiri kwamba sura ya 12 ya waraka huo ni ngumu kueleweka kwa kuwa mambo yanayotajwa humo hayakuwa yakitokea siku zake. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika kutoka eneo ambalo leo ni Algeria, alifundisha kwamba lugha za Pentekoste zilikuwa ishara ya wakati ule, nayo ikapita. Mwaka 1918 mwanateolojia wa Princeton, B. B. Warfield, alitoa kitabu kizima kuitetea hoja hiyo, na mwaka 2013 mhubiri wa California, John MacArthur, akairudia kwa ukali mbele ya dunia nzima.

Lakini sura hiyo ya 13 isomwe mpaka mwisho. Pale pale Paulo anaposema lugha zitakoma, anasema pia maarifa yatabatilika. Nani kati yetu atasimama aseme maarifa yamekwisha? Kikomo cha yote hayo Paulo anakiweka siku tutakapoona uso kwa uso, na siku hiyo hata wanaofundisha kwamba lugha zimekoma hawajaifikia. Augustino mwenyewe, alipozeeka, aliandika katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu habari za watu walioponywa kwa maombi Karthago na Hippo katika siku zake, akisikitika kwamba habari hizo hazijulikani sana. Na miaka mingi kabla yake, karibu mwaka 180, Irenei wa Lyon alikwisha kusimulia juu ya ndugu kanisani waliokuwa wakinena lugha za kila namna kwa Roho. Ninachokiona katika historia ni karama iliyofifia hapa na kuibuka kule, mara nyingi miongoni mwa watu wasio na cheo.

Kaimosi, Ruwe, na kisha Gahini

Wapo wanaodhani kunena kwa lugha kuliletwa kwetu na televisheni za dini katika miaka ya 1990. Hawaijui historia ya kwao. Mwaka 1927, katika misheni ya Marafiki, yaani Wakweka, huko Kaimosi magharibi mwa Kenya, mmisionari Arthur Chilson aliwahimiza waumini waombe kujazwa Roho Mtakatifu. Watu wakatubu dhambi zao kwa sauti, wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Wakubwa wa misheni waliingiwa na hofu, wakapiga marufuku. Waliokataa kuacha walitengwa, wakaendelea kusali majumbani mwao, na makanisa ya Roho ya magharibi ya Kenya yana mizizi yake katika nyumba hizo.

Kwa Wajaluo mambo yalikuwa yameanza mapema zaidi, Ruwe, mwaka 1912. Watu wa Roho waliandamwa kwa miaka mingi, na Januari 1934 kiongozi wao Alfayo Odongo Mango aliuawa Musanda, nyumba yake ikichomwa moto, katika ugomvi uliochanganya imani na ardhi. Katika nchi ya Wakikuyu, Wakorino na vilemba vyao vyeupe walikuwa wakifuatiliwa na polisi wa kikoloni kwa sababu ya unabii na maombi yao. Waumini hawa hawakununua magari kwa kunena kwa lugha. Walichokipata ni kufukuzwa, kuchapwa na kufungwa. Mtu akiniambia kwamba kila anenaye anaigiza, ninawakumbuka hao na swali linanijia: mtu anaigiza ili achomewe nyumba?

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 ulizuka moto mwingine, na huu nawaomba ndugu zangu wa Kipentekoste wautafakari kwa utulivu. Ulianzia kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, Rwanda, ambako daktari Joe Church alishirikiana na Waganda waliokuwa wameguswa na Simeoni Nsibambi wa Kampala. Ukasambaa Uganda, ukavuka hadi Bukoba, ukaingia Kenya. Ndio uliotupa walokole. Alama yao ilikuwa kutubu hadharani na kutengeneza yaliyoharibika: mtu alirudisha jembe aliloiba, alilipa deni lililosahauliwa, mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu. Kunena kwa lugha hakukuwa kipimo chao. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, na pia walikataa kubeba bunduki za serikali, na wapo waliouawa kwa msimamo huo. Nani atasimama kwenye makaburi yao aseme hawakuwa na Roho Mtakatifu kwa sababu hawakunena?

Mtu aliyekaa nje ya mlango

Upentekoste wa kisasa una siku yake ya kuzaliwa. Tarehe 1 Januari 1901, katika shule ndogo ya Biblia ya Charles Parham huko Topeka, Kansas, mwanafunzi Agnes Ozman aliombewa akanena kwa lugha. Parham akaamini kwamba hizo ni lugha halisi za mataifa, ambazo Mungu anazitoa ili wamisionari wasipoteze miaka darasani. Baadaye alifundisha Houston, Texas, na mmoja wa wasikilizaji wake alikuwa William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Kwa kuwa sheria za ubaguzi zilimkataza kukaa na wazungu, alisikiliza masomo akiwa nje ya mlango. Mwaka 1906 Seymour ndiye aliyeongoza ibada za Mtaa wa Azusa, Los Angeles, ambako weusi, wazungu na Wameksiko walipiga magoti pamoja katika nchi iliyokuwa bado inawanyonga weusi mitini.

Kutoka Azusa watu walipanda meli kwenda Asia na Afrika, baadhi yao bila kamusi, wakitumaini lugha itashuka. Alfred na Lillian Garr walikwenda Calcutta, Alfred akiamini amepewa Kibengali. Wenyeji hawakuwaelewa. Kinachonigusa ni walichofanya baada ya hapo. Hawakudanganya. Waliendelea kuomba kwa lugha kama sala yao kwa Mungu, wakaacha kudai kwamba ni lugha ya wenyeji, na walipofika Hong Kong wakakaa chini kujifunza Kichina kama mgeni mwingine yeyote. Unyofu huo ndio ninaoutamani kwa wahubiri wetu.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwanaisimu William Samarin, aliyetumia miaka mingi akiitafiti lugha ya Kisango ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, alirekodi na kuchambua watu wanaonena, na mwaka 1972 akatoa hitimisho lake: sauti zao zina mapigo na mpangilio wa kupendeza, lakini hazina sarufi wala maana kama lugha za wanadamu, na mara nyingi zimejengwa kwa silabi za lugha ambazo mnenaji anazijua tayari. Mwaka 2006 daktari Andrew Newberg wa Pennsylvania alipiga picha za ubongo wa wanawake watano wakiwa wananena, akaona sehemu ya mbele, ile inayohusika na kujitawala, ikipunguza kazi. Wapo wanaodhani matokeo hayo yanaimaliza imani. Kwangu mimi yanakubaliana na Paulo kwa namna ya ajabu, kwani yeye mwenyewe aliandika kwamba anayeomba kwa lugha, roho yake inaomba huku akili yake haizai matunda. Mtu anaweza kulia mbele za Mungu bila sarufi. Ila huyo huyo hawezi kutuambia kanisa zima kwamba ametuhubiria.

Korintho ilikuwa bandari

Korintho ulikuwa mji wenye bandari mbili, Kenkrea upande wa mashariki na Lekaioni upande wa magharibi. Mabaharia, wachuuzi na watumwa walioachwa huru walijazana humo, na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angejisikia yuko nyumbani siku ya kwanza. Katika mji wa namna hiyo kila asubuhi unasikia lugha usiyoijua, na kila siku unamtegemea mtu wa katikati akuambie bei. Watu hao walikuwa wanajua hasara ya kusemeshwa usichokielewa. Paulo alipowaandikia alikuwa anawagusa penyewe.

Na aliandika nini? Alimshukuru Mungu kwamba yeye ananena kuliko wote. Kisha akasema kanisani heri maneno matano yanayoeleweka kuliko elfu kumi kwa lugha. Akaweka utaratibu ambao mtoto wa kipaimara anaweza kuukariri: wanene wawili, wakizidi sana watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mnenaji anyamaze kanisani, aseme na nafsi yake na Mungu. Akaonya kwamba mgeni akiingia na kukuta wote wananena kwa pamoja, atasema wamerukwa na akili. Akauliza kama wote wananena kwa lugha, swali ambalo jibu lake ni hapana. Akamalizia kwa kukataza kukataza: msizuie kunena kwa lugha, ila mambo yote yatendeke kwa utaratibu.

Wanaosema lugha zimekoma hulikwepa agizo lile la kutozuia. Wanaonena kwenye spika usiku kucha hulikwepa lile la wawili au watatu. Sura ni ileile moja, ya 14, na kila upande umechukua nusu yake ukaiacha nyingine.

Nitatenda haki nikisema kwamba Wapentekoste wana maelezo yao, na yana uzito. Wanatofautisha ujumbe unaotolewa kwa kusanyiko, ambao lazima ufasiriwe, na sala ya mtu binafsi. Wanatofautisha pia karama ya lugha na ile ishara ya kwanza ya kubatizwa kwa Roho, fundisho ambalo Assemblies of God waliliandika rasmi mwaka 1916, wakitegemea habari za Yerusalemu, nyumba ya Kornelio na Efeso katika Matendo ya Mitume. Sawa. Lakini kitabu hichohicho kinasimulia watu wapata elfu tatu waliobatizwa siku ya Pentekoste, na hakisemi hata mmoja wao alinena. Na uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2006 katika nchi kumi, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba katika nchi sita kati ya hizo Wapentekoste wasiopungua 40 kwa kila 100 walisema hawajawahi kunena au kuomba kwa lugha. Hao ni watu wanaoketi kwenye viti vya mbele, wanatoa zaka, wanaimba kwaya. Wengi wao wanaishi na siri inayowatafuna.

Bwenini, chumbani, mfukoni

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wanateolojia. Chukueni kikundi cha maombi katika shule ya bweni. Binti wa kidato cha pili, aliyelelewa katika Ulutheri au Ukatoliki wa bibi yake, anaitwa mbele usiku wa Ijumaa ajazwe Roho. Wenzake wanamzunguka. Anaambiwa afungue kinywa, aseme haleluya harakaharaka mpaka ulimi uteleze. Ulimi ukiteleza, vigelegele. Usipoteleza, anaambiwa ana dhambi iliyofichika au roho ya ukoo imemfunga, na wiki inayofuata anaitwa tena. Wapo watoto waliojifunza kuiga ili wasibaki peke yao mbele ya wenzao. Tumewafundisha nini? Kwamba nyumbani mwa Mungu mtu husalimika kwa kuigiza.

Nendeni kwenye ndoa. Mke ameanza kuhudhuria mikesha, mume amebaki na kanisa lake la zamani. Mume halewi, hapigi, ada za watoto analipa. Lakini mke amefundishwa kwamba asiyenena hajaokoka sawasawa, kwa hiyo anamwangalia mwenzake kama mtu wa nje, na watoto wanalisikia hilo mezani. Au mzee aliyesali miaka hamsini kwa kitabu cha nyimbo kilichochakaa anaanza, kwenye kitanda cha ugonjwa, kuwa na wasiwasi kama Mungu amewahi kumsikia, kwa sababu mjukuu wake kamwambia sala isiyo na lugha haifiki. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na huyu ananyang'anywa mbachao wake akiwa hawezi hata kuinuka.

Kisha upo mfuko. Tafsiri ikikosa mwenyewe, huchukuliwa na yeyote mwenye maiki. Anayejiita nabii ananena, halafu anajifasiria mwenyewe: Bwana anasema dada huyu ana kiwanja, akiuze apande mbegu. Nani wa kumpinga, ikiwa lugha ameisikia kila mtu na maana anaijua yeye pekee? Paulo aliweka kinga hata hapa, akaagiza manabii wanapotoa ujumbe wengine waupime. Makanisa yetu mangapi yana hao wapimaji? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumewasifu watumishi wetu mpaka hakuna mzee wa kanisa anayethubutu kuuliza swali.

Nayaandika haya nikijua upande wa pili. Ninawafahamu wajane waliozika watoto wao, ambao Kiswahili na lugha ya mama vyote viliwaisha mdomoni, na kitu pekee kilichobaki ni sauti zile za alfajiri, mlango ukiwa umefungwa, zisizo na neno hata moja ninaloweza kuliandika hapa. Waliinuka kutoka kwenye maombi hayo wakachemsha chai na kuwaamsha watoto waliobaki waende shule. Yeyote anayetaka kuwapokonya hilo kwa hoja za karne ya 4 atanikuta njiani. Na ndiyo maana nakasirishwa na wale waliolichukua jambo lao la siri na Mungu na kulifanya onyesho.

Mnamzimisha Roho?

Nitajibiwa kwamba kudai mfasiri ni kumzimisha Roho. Maneno hayo yametoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, na mistari miwili tu mbele Paulo anaagiza mambo yote yajaribiwe. Kwa hiyo kupima ni sehemu ya kutii.

Tena utaratibu huu si ndoto. Yapo makusanyiko ya Wapentekoste wa kizazi cha kwanza, hasa mikoani, ambako mtu akinena kwa sauti ibada nzima hunyamaza. Wapiga vinanda huondoa mikono. Watu husubiri, wakati mwingine dakika kadhaa, mtoto akikohoa unamsikia. Tafsiri ikija, aghalabu ni fupi na ya kawaida: neno la faraja, onyo kuhusu chuki fulani, wito wa kuomba. Wazee huipima. Isipokuja, mchungaji hutaja namba ya wimbo na ibada huendelea, na aliyenena haaibishwi, anajua kwamba siku hiyo ilikuwa sala yake. Wachungaji vijana wenye majukwaa ya taa na moshi wangeweza kwenda kuketi kwenye mabenchi hayo Jumapili moja na kujifunza.

Kwa upande wa shule sioni haja ya kusubiri sinodi wala mkutano mkuu. Walezi wa vikundi vya maombi wanaweza kuamua muhula huu kwamba hakuna mwanafunzi atakayeitwa mbele kufundishwa kunena, na kwamba atakayenena mbele ya wenzake atasubiri mfasiri. Mzazi naye, mtoto akirudi likizo, amuulize aliombewaje na aliambiwa nini alipobaki kimya. Kama aliambiwa amefungwa, mzazi afunge safari, akamwone mlezi wa kikundi, wafungue pamoja Wakorintho wa Kwanza sura ya 12, mpaka kwenye swali la Paulo kama wote hunena kwa lugha, na huyo binti awe ameketi hapo akisikiliza.